Mnapouza Nyumba, Msiuze Amani



Katika ukurasa huu leo tutazame jambo ambalo huzipata familia nyingi mara moja tu maishani, na kwa hiyo huzikuta hazijajiandaa. Jambo hilo ni kuuza nyumba. Tutalitazama kwa upande wa mtu anayesimama katikati, yaani dalali. Baadhi yenu mnafanya kazi hiyo. Wengine mtamhitaji dalali. Wengine mtaombwa na ndugu: "Tusaidie kutafuta mnunuzi," nanyi mtakuwa madalali bila kutaka. Swali letu ni hili: wenye nyumba wanapoingiwa na hofu, ni nini kinachowatuliza?

Jibu nalitoa mapema ili tusipoteane njiani. Hofu ya mwuzaji haitulizwi kwa maneno matamu. Hutulizwa na ukweli unaosemwa mapema, mbele ya mume na mke wakiwa wameketi pamoja.

KWA NINI NYUMBA HUTIA HOFU KULIKO NG'OMBE

Hapa kwetu Biliqo ardhi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitambua ardhi ya namna hiyo, na mtu mmoja hawezi kuikata kipande akakiuza kama ploti yake. Sisi tumezoea kuuza mifugo. Unampeleka fahali sokoni Merti asubuhi, dalali anakukutanisha na mfanyabiashara, mnabishana bei, na kabla ya jua kutua fedha ziko mkononi. Bei ikikataa, unarudi naye nyumbani na kujaribu siku nyingine.

Lakini ziko familia za kwetu zilizohamia mjini Isiolo kwa ajili ya shule, kazi au matibabu, zikanunua ploti na kujenga. Nyumba hiyo haiuzwi kwa siku moja. Mnunuzi akipatikana leo, bado kuna kukagua hati, kuandika mkataba, kungoja benki, kungoja ofisi ya ardhi. Kwa desturi ya mawakili wa Kenya, mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei wakati wa kutia sahihi mkataba, na yanayobaki hulipwa kwa kawaida ndani ya siku 90. Miezi mitatu! Mtu aliyezoea kuona mnyama akiondoka na fedha zikiingia saa ile ile, atalalaje usingizi miezi mitatu?

Tena nyumba ni zaidi ya mali. Kwa Kiborana mke huitwa "mama wa nyumba", na kwa desturi yetu ya zamani ni mwanamke aliyeijenga nyumba kwa mikono yake. Basi ukimwambia mama kwamba nyumba inauzwa, umegusa jina lake mwenyewe.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano wa familia moja, wala si familia ya mtu yeyote tunayemjua. Baba na mama walitoka Biliqo, wakakaa Isiolo miaka minane katika nyumba yao ya vyumba vitatu. Mifugo waliwaachia ndugu nyumbani. Ukaja ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo karibu yote ikaisha. Madeni yamebaki. Baba anaona njia moja tu: kuuza nyumba ya mjini, kulipa deni, kununua mifugo michache na kurudi nyumbani. Mama hakatai, wala hakubali. Ananyamaza.

Dalali anafika. Baba anaongea haraka haraka. Anataja bei aliyoisikia kibandani, kwamba jirani aliuza kwa fedha nyingi tangu lami ya kwenda Moyale ilipopita. Anataka mnunuzi kabla ya shule kufunguliwa. Mama analeta chai, anaketi kando, hasemi neno.

Dalali wa tamaa atafurahi. Atasema, "Mzee, usiwe na shaka, bei hiyo utaipata, hata zaidi." Baba atatulia siku hiyo. Wiki ya tatu hakuna mnunuzi, naye ataanza kupiga simu usiku. Wiki ya sita atakuja mtu na nusu ya bei, na baba aliyechoka atakubali bila kumwuliza mke wake. Hapo nyumba imekwenda, na amani imekwenda nayo.

Dalali mwema afanye nini? Tutazame hofu nne, moja baada ya nyingine.

1. HOFU YA YULE ANAYENYAMAZA

Kazi ya kwanza ya dalali ni kumtafuta yule asiyesema. Mara nyingine ni mke, mara nyingine ni mume. Aweke kikombe chini aulize kwa heshima: "Mama, baba amesema yake. Wewe unaonaje? Ni kitu gani kinakusumbua zaidi katika habari hii?" Kisha anyamaze angojee jibu. Pengine mama atasema, "Naogopa binti yangu ataacha shule." Au, "Naogopa fedha zitakwisha na hatutakuwa na hapa wala pale." Hofu iliyotajwa kwa jina inaweza kushughulikiwa. Hofu iliyofichwa hugeuka ugomvi.

Jambo hili ni la upendo, na pia ni la sheria. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba, katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Nyumba mnayoishi ni mali ya ndoa hata kama hati ina jina la mume peke yake. Kwa hiyo dalali anayempita mama kando anajenga mauzo juu ya mchanga, kwa maana mama anaweza kwenda mahakamani na kuyapinga.

Ikiwa mume na mke hawajakubaliana, dalali asijifanye hakimu wala asichague upande. Aseme wazi: "Naona bado mna neno la kuzungumza. Nitarudi juma lijalo." Ndiyo, pengine atapoteza kazi. Lakini ni heri kupoteza kazi moja kuliko kuvunja nyumba ya watu kwa ajili ya ada yako.

2. HOFU YA BEI

Wauzaji huogopa mambo mawili yanayopingana: kuuza kwa bei ya chini wakachekwa, na kushikilia bei ya juu wakakosa mnunuzi. Dalali anayeahidi bei kubwa ili apewe kazi anaiongeza hofu hii, kwa sababu kila siku inayopita bila mnunuzi itaonekana kama bahati mbaya.

Dawa yake ni kupata bei ya kweli kabla ya kutangaza. Waulize nyumba za mtaa huo zilizouzwa karibuni ziliuzwa kwa shilingi ngapi hasa, wala si kwa uvumi. Wakiweza, wamlipe mthamini aliyesajiliwa aipime thamani. Kisha baba na mama, mchana, kichwa kikiwa kimetulia, waandike bei tatu kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni bei watakayoitaja. Ya pili ni bei ambayo wakiipata watashukuru. Ya tatu ni bei ambayo chini yake hawauzi. Wote wawili watie sahihi karatasi hiyo, na dalali apewe nakala.

Karatasi hii ndogo huleta utulivu mkubwa. Mnunuzi akija na bei ya chini mno, baba hahitaji kukasirika wala kuhangaika, anatazama karatasi. Akija saa tatu usiku na noti mkononi akitaka jibu sasa hivi, jibu liko tayari: "Tutakuambia kesho, mimi na mama watoto." Mnunuzi wa kweli atangoja hadi kesho. Haraka haraka haina baraka, na hasa haraka ya mtu mwingine.

3. HOFU YA KUTAPELIWA

Hofu hii ina msingi, kwa maana matapeli wapo. Kumwambia mwenye nyumba, "Usiogope, niamini mimi," hakumsaidii. Mwonyeshe kinga zilizopo.

Anza na karatasi, siku ya kwanza kabisa. Mjini Isiolo wako wengi wenye barua ya mgao wa ploti wakidhani wana hati miliki. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Ni toleo tu, mpaka masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Sisi wa ukurasa huu wa ndoa tunaweza kulielewa hivi: barua ya mgao ni kama posa, na hati ni kama ndoa. Posa si ndoa. Basi ikiwa mwuzaji ana barua tu, mwambie leo, wala si siku mnunuzi atakapotoa fedha. Atahuzunika, lakini ataanza kutimiza masharti mapema. Ukimficha ili asihuzunike, utamwachia aibu mbele ya wageni.

Kinga nyingine ni hizi:

Mkataba. Sheria ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi hizo zishuhudiwe. Maneno ya mdomo hayatoshi, hata kama mnunuzi ni shemeji.

Wakili. Wauzaji wawe na wakili wao, wasitegemee wakili wa mnunuzi. Hati ya asili ikabidhiwe kwa wakili kwa maandishi. Dalali hana haja ya kukaa na hati ya mtu.

Fedha. Zipitie benki, ziache alama. Fedha za mfuko wa plastiki huleta furaha ya siku moja na maswali ya miaka.

Dalali mwenyewe. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, na bodi inayowasajili mawakala hao. Mume na mke wana haki ya kumwuliza dalali, "Umesajiliwa?" Dalali mwema hakasiriki akiulizwa. Ada yake iandikwe mapema, pamoja na siku ya kuilipa.

Mnakumbuka habari za nabii Yeremia? Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, na Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni. Binamu yake Hanameli alimjia akitaka kumwuzia shamba la Anathothi. Ni saa gani ya hofu kuliko hiyo? Hata hivyo hawakuruka hatua. Fedha, shekeli 17, zilipimwa kwa mizani. Hati iliandikwa na kutiwa mhuri, mashahidi walikuwapo, na Baruku akaagizwa kuiweka katika chombo cha udongo ili idumu. Wakati wa hofu ndipo hatua hizi zinahitajika zaidi. Wahenga nao walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

4. HOFU YA KUNGOJA NA YA KESHO

Baada ya sahihi huja kimya, na kimya humtesa mwuzaji kuliko habari mbaya. Anajiuliza: mnunuzi ametoroka? Wakili amelala? Dalali amehongwa?

Hapa dalali afanye jambo rahisi ambalo wengi hawalifanyi. Achukue kalenda aketi na mume na mke, awaonyeshe hatua zote: lini rekodi zitakaguliwa ofisi ya ardhi, lini vyeti vya kumaliza kodi ya ardhi na ada za kaunti vitatafutwa, lini fedha za mwisho zinatarajiwa. Kisha achague siku moja ya juma, tuseme Alhamisi jioni, ya kuwapigia simu. Apige kila Alhamisi, hata kama hana jipya. "Baba, mama, juma hili hakuna kilichobadilika, bado tunangoja benki." Hiyo nayo ni habari. Mtu anayejua kwamba Alhamisi atapigiwa simu, Jumanne usiku atalala. Ikiwa wenye nyumba wako mbali, na simu inashika mtandao kwa shida, wakubaliane saa.

Gharama nazo zitajwe mwanzoni, ili zisije kama mwizi. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, hulipwa na mnunuzi. Kodi ya faida ya mauzo ni juu ya mwuzaji, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza imesamehewa. Familia ya mfano wetu ilikaa miaka minane, basi habari hii peke yake ingewaondolea usiku mwingi wa kukosa usingizi. Wakili awathibitishie kwa hali yao wenyewe.

Kisha iko kesho. Kabla fedha hazijaingia, mume na mke waandike zitakwenda wapi: deni, karo, mahali pa kulala, mifugo, akiba. Waandike kwa mpangilio, na fungu la watoto litengwe kwanza. Wasinunue mifugo yote soko moja. Baada ya ukame kila mtu anatafuta mifugo na bei hupanda. Wanunue kidogo kidogo. Ndugu watakuja kukopa, kwa hiyo waafikiane mapema watasaidia kwa kiasi gani, na neno moja litoke katika vinywa viwili.

NINYI WAWILI NYUMBANI

Dalali hufanya yake, lakini usiku haendi kulala kwenu. Hapo ninyi ndio mnaotulizana. Hofu haivai nguo moja kwa watu wote. Mmoja huuliza swali lile lile mara kumi. Mwingine hunyamaza na kutoka nje. Mwingine hukasirikia watoto kwa sababu ya sukari iliyomwagika. Mkijua kwamba yote hayo ni hofu ya jambo moja, hamtadhani kwamba mwenzako amekuacha.

Basi shikeni kanuni tatu. Kwanza, habari za nyumba zisizungumzwe baada ya kuzima taa. Ziwe na saa yake, na saa hiyo ikiisha mzungumze mengine. Pili, mmoja asimpigie dalali wala mnunuzi simu kwa siri. Tatu, asilaumiwe mtu kwa yaliyopita. "Ungenisikiliza tusingefika hapa" ni maneno yasiyoongeza hata shilingi moja katika bei.

Na kama baada ya mazungumzo yote mnaona afadhali msiuze, bali mpangishe chumba kimoja au muuze kitu kingine, hamjashindwa. Dalali mwaminifu atawaambia hivyo hata kabla hamjamwuliza. Nyumba inaweza kuuzwa na nyingine ikajengwa hata kwa miti na mikeka, kama mama zetu walivyojua kufanya. Uaminifu kati ya mume na mke ukiuzwa, hakuna soko la kuununua tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kila mmoja amwambie mwenzake: kama tungeuza nyumba yetu kesho, mimi ningeogopa nini zaidi?

2. Karatasi za ploti yetu ziko wapi? Je, wote wawili tunajua zina jina la nani, na kama ni barua ya mgao au ni hati?

3. Kati yetu wawili, nani hunyamaza akiwa na hofu, na mwenzake afanye nini ili amsaidie kusema?

4. Kwa walio madalali: katika mauzo ya mwisho niliyosimamia, je, niliongea na mume na mke wakiwa pamoja? Ni ukweli gani niliowaambia mapema?